Misimu Kumi na Moja ya Sebuleni

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakupa yaliyopita kwa ufupi. Sina tabia ya kuzunguka mbuyu.

Mimi ni mtunza ghala katika kiwanda cha magodoro. Nina stashahada ya ugavi, mume fundi wa friji na watoto watatu. Mkubwa alipokwenda chuo aliacha mashine yake ya gemu. Niliiwasha nione kama ni nzima, nimpe mtoto wa jirani. Mpaka leo mtoto wa jirani anasubiri.

Humo ndani nilikuta mchezo wa mpira, na ndani ya mchezo nikakuta sehemu ya ukocha, ile unayocheza peke yako. Unapewa timu, unasajili, unapanga kikosi, unahojiwa na waandishi, unafukuzwa na bodi ukizembea. Nilichukua timu ya daraja la nne ambayo hata mashabiki wake waliionea aibu. Baada ya misimu kumi na moja ilikuwa bingwa wa nchi.

Kisha kocha wa timu ya wanawake ya kiwanda akahamishwa. Kwenye chumba cha chai watu wakawa wanaulizana nani ataishika timu. Mdomo wangu ukasema, "Mimi nimefundisha misimu kumi na moja."

Hakuna aliyeuliza wapi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepaliwa na chai: wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Tunaishi naye, anashona vifuniko vya magodoro pale kiwandani, na ndiye mshambuliaji wa timu. Wenzake wanamwita Kiberiti, kwa udogo wake na kwa kuwaka kwake. Alijua fika kwamba misimu ile yote nilifundisha nikiwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Akanyamaza.

Tulishinda mechi tano mfululizo. Ya sita, nusu fainali, dakika ya sabini, wifi alianguka bila kuguswa na mtu. Niliwaacha hapo: yeye ameshika goti, mimi nimeshika karatasi ya kikosi.

Sasa endeleeni kunihukumu.

*

"Nani kakugusa?" nilimuuliza nilipomfikia.

"Malaika," alisema, meno kayauma. "Nani aniguse, wifi? Nilikuwa peke yangu na mpira."

"Hebu simama kidogo tuone."

"Nikisimama nitakupiga."

Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulimpandisha kwenye lori la kupelekea mzigo, tukamlaza juu ya godoro jipya ambalo nailoni yake haijatolewa. Lilitoka ghalani bila hati, mara ya kwanza tangu nianze kazi pale miaka kumi na minne iliyopita. Nilikaa naye nyuma, nimemshika mguu usichezecheze kwenye matuta.

"Nilisikia kitu kimekatika," alisema.

"Labda msuli tu umeshtuka."

"Mimi nashona, wifi. Uzi ukikatika naujua."

Daktari wa mifupa alikuwa dada mfupi mwenye haraka. Alibonyeza goti hapa, akalibonyeza pale, akauvuta mguu mbele kama mtu anayejaribu droo iliyokwama. Wifi alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika.

"Uvimbe huu si wa leo," alisema daktari. "Una muda gani?"

"Wiki tatu."

"Na umecheza?"

"Mechi tatu."

"Kocha wako nani?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimevaa fulana iliyoandikwa KOCHA mgongoni. Nilirudi nyuma nikaubandika mgongo wangu ukutani. Narudia, ili msije mkadhani mmesoma vibaya: mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nilificha mgongo ukutani.

"Kocha hakujua," alisema wifi. "Nilimficha."

Daktari aliandika, nami nikamwacha aandike.

*

Ulikuwa uongo. Kocha alijua.

Wiki tatu kabla ya siku ile nilikuwa jikoni naosha vyombo. Wifi aliingia akichechemea, kajifunga kitambaa chenye barafu gotini.

"Wifi, goti linawaka moto. Jumamosi niweke benchi."

Nilifuta mikono, nikamgeukia, nikasema, "Wewe ni mtu muhimu sana katika mipango yangu. Timu inakutegemea."

Alinitazama. "Umesemaje?"

"Timu inakutegemea."

"Hayo maneno nayajua. Si ndiyo yale ya kwenye tivii?"

Akacheka. Nami nikacheka. Jumamosi alicheza.

Lazima niwaeleze, maana kosa langu lilizaliwa humo. Kwenye ule mchezo wachezaji huja kulalamika. Huyu hapangwi, yule amechoka, mwingine anataka kuhama. Unapewa majibu matatu uchague. Ukichagua la upole, mshale wa morali yake unageuka kijani, anaondoka.

Msimu wa kwanza nilisoma kila neno. Nilikuwa nafikiri, nashika kidevu, nampa mtu jibu linalomfaa. Msimu wa pili nikagundua kwamba wote wanalalamika kwa maneno yale yale. Kipa analalamika kama beki, mzee wa miaka thelathini na mbili analalamika kama kijana wa kumi na nane. Waandishi nao vilevile. Wanakuuliza unajisikiaje kabla ya mechi, na ukishinda sita wanakuuliza tena unajisikiaje. Kufikia msimu wa nne nilikuwa nabonyeza jibu la kwanza kabla maandishi hayajamaliza kutokea.

Nilijifunza kutosoma. Na mtu akishajifunza kutosoma, haachi mazoea hayo juu ya kochi. Anaingia nayo jikoni.

Kuna jambo jingine. Kule kila mchezaji ana mstari chini ya jina lake. Ukiwa wa kijani anacheza, ukiwa mwekundu unamtoa. Mstari haukuonei haya, haukupendi, haukufichi. Kwa misimu kumi na moja nilitazama mistari. Wifi hana mstari. Ana mdomo, na mdomo ulisema.

Mtaniuliza, mama mzima, ulifuata nini huko? Nitawajibu bila kona. Nikifua leo, kesho nguo ni chafu. Nikipanga ghala Jumatatu, Jumanne limevurugwa. Kule, kazi ya mwaka huu unaikuta mwaka ujao. Nilimtoa mtoto wa miaka kumi na sita kwenye timu ya vijana, miguu kama njiti, nikampa dakika kumi, kisha ishirini, kisha mechi nzima. Msimu wa sita alikuwa nahodha. Katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kukua kwa utii namna ile. Sitajifanya eti ilikuwa ujinga. Ilikuwa raha, na sikuwa na raha nyingine iliyokuwa yangu peke yangu.

Lakini raha yenyewe ina miiba. Bodi inakutaka uchukue kombe na wakati huo huo uchezeshe watoto. Unaongoza mpaka dakika ya themanini na tisa, halafu timu ya mkiani inaanza kucheza kama imelishwa umeme. Na nahodha aliyemtangulia yule mtoto, niliyemkuta na timu tangu daraja la nne, alipofika miaka thelathini na nne, alistaafu. Hakuagwa. Hakuna sherehe, hakuna hata neno. Msimu mpya ulipoanza jina lake halikuwepo tu kwenye orodha.

Mume wangu alinikuta nimesimama katikati ya sebule.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Nahodha."

"Wa meli gani?"

Kwa siku mbili nilikuwa namchukia aliyeutengeneza ule mchezo, mtu nisiyemjua, kwa kutonipa nafasi ya kusema asante.

Basi mtu wa namna hiyo, anayemlilia nahodha wa kwenye kioo, ndiye aliyemjibu wifi yake wa damu na nyama kwa jibu la kwanza.

*

Jumatatu Meneja wa Utumishi aliniita ofisini. Ni mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, hapendi kelele.

"Kocha, pole. Majibu ya kipimo yametoka. Kano ya ndani ya goti imechanika. Daktari anataka kumpasua Alhamisi."

"Goti la kulia," nilisema.

"La kulia."

Msiofanya kazi kwetu hamtaona uzito wake. Cherehani za kiwandani zina chuma kinachoning'inia chini ya meza, upande wa kulia. Mshonaji anakisukuma kwa goti, na kile kinachobana kitambaa kinanyanyuka. Anafanya hivyo mara elfu kwa siku, kwa sababu mikono yote miwili imeshika kitambaa. Kwenye mashine ile goti la kulia ndilo mkono wa tatu. Asiye nalo hashoni.

Meneja alinisogezea karatasi.

"Kanuni ni nyepesi. Kama mchezaji alimwambia kocha kwamba anaumwa, na kocha akampanga, basi aliumia kwa amri ya kiwanda. Kiwanda kinambeba: upasuaji, mazoezi ya mguu, na mashine yake inamsubiri hata miezi tisa. Kama alificha, kajiumiza mwenyewe. Atajibeba."

"Na huyo kocha aliyempanga?"

"Huyo ataitwa mbele ya kamati. Ataleta vyeti vyake, atahojiwa, na sidhani kama atarudi kazini." Alitabasamu. "Lakini hilo halikuhusu wewe. Dada yetu amemwambia daktari kwamba alikuficha. Weka alama tu, nirudishie Jumatano saa nne asubuhi."

Karatasi ilikuwa na swali moja. *Je, mchezaji alimweleza kocha kuhusu maumivu kabla ya mechi?* Chini yake visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Hapana jibu la tatu, la upole.

*

Wifi alikuwa amelazwa kwenye kochi letu, mguu juu ya mito miwili, magongo yameegemezwa kwenye tivii.

"Weka Hapana," alisema nilipomsomea.

"Na goti?"

"Litajiponya."

"Kano si mkia wa mjusi, wifi. Haioti tena."

"Sasa ukifukuzwa ghalani nyumba hii itashikwa na nani? Na kaka na friji zake, ambazo watu wanazileta kutengeneza halafu wanazisahau hapo uani?"

"Usimseme kaka yako."

"Simsemi, nazisema friji." Alijigeuza kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Tena nisikilize. Wakijua kwamba tulikuwa tunafundishwa na tivii, mimi uso nitauweka wapi? Nimefunga mabao tisa chini yako! Watasema hata mabao ni ya sebuleni."

"Kiberiti, acha mzaha."

"Wewe ndiye uliyenitafutia kazi pale," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Uliniombea kwa mdomo wako, ukasema huyu ni ndugu yangu, namdhamini mimi. Leo nikuchome mimi? Weka Hapana. Yamekwisha."

Nitawaambia ukweli. Maneno yale yaliniingia vizuri. Niliyapokea kama mtu anayepewa kiti baada ya kusimama siku nzima. Niliichukua kalamu. Nilishaigusisha kwenye karatasi.

Mlango ukafunguka, mume wangu akaingia na sanduku lake la spana.

"Meneja kasemaje?" aliuliza.

Nilimweleza kanuni yote. Akaketi kwenye mkono wa kochi, karibu na kichwa cha dada yake.

"Sasa shida iko wapi? Si hakukwambia? Andika Hapana, tutafute njia nyingine ya kumtibu."

Wifi alikuwa anatazama dari. Ningeweza kunyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa bado na hatua chache, na ningeweza kuzitembea.

"Aliniambia," nilisema.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Hapo jikoni."

"Ukamjibu nini?"

Nilimwambia nilichojibu. Nilipokisema kwa sauti mbele yake, niliona kwa mara ya kwanza jinsi kilivyo kitupu.

Wifi alimgusa mkono. "Kaka, mimi mwenyewe nilicheka. Nilitaka kucheza pia."

Hakumsikia. Alinitazama mimi.

"Huyu alikuja hapa na begi moja na cherehani ya mkono. Nikakwambia, kabla ya watoto wetu wote, huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza."

"Nakumbuka."

"Hukumbuki," alisema. "Ungekumbuka ungemwangalia."

Alitoka uani, akaanza kufungua friji ambayo aliitengeneza juzi.

*

Mtacheka, au mtanitukana. Jua lilikuwa halijazama bado, wifi amehamishiwa chumbani, mume wangu anagonga vyuma uani, nami nikawasha mashine. Mikono ilihitaji kitu cha kushika.

Dakika ya ishirini mshambuliaji wangu alianguka. Ukatokea ujumbe: atakosa miezi saba. Nilibonyeza. Akaingia wa akiba, mechi ikaendelea.

Ujumbe ule nimeubonyeza mara nyingi kuliko nilivyowahi kujibu barua za shule za watoto wangu. Sikuwahi kujiuliza, katika miezi hiyo saba, mtu yule anakaa wapi. Nani anamletea beseni la kuoga. Nani anamvalisha soksi.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuungama, ongezeni na hili. Mechi kubwa ikinishinda nilikuwa nazima mashine kabla haijaandika matokeo, nikiiwasha naanza upya. Ubingwa wa msimu wa tisa niliupata hivyo. Fainali ile niliicheza mara nne. Hata kwenye ulimwengu ambao mpinzani wangu alikuwa mashine, sikukubali kushindwa kwa halali.

"Wifi!" aliita kutoka chumbani. "Njoo unishike niende chooni!"

Niliiacha mechi inakwenda. Nilimpitisha mkono kiunoni, akanilalia begani kwa uzito wake wote. Mtu mdogo vile, sikudhani ni mzito hivyo. Kila hatua alivuta pumzi kwanza, kama anayeingia maji ya baridi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua saba. Tulitumia muda wa kipindi kizima.

"Umeshinda?" aliniuliza tulipofika.

"Sijui."

Nilipomrudisha kitandani nilikwenda moja kwa moja mezani, nikaitafuta kalamu, nikaweka alama kwenye *Ndiyo*. Nikatia saini, ile ile ninayotia ghalani ninapokubali kwamba mzigo nimeuona kwa macho yangu.

*

Jumatano asubuhi mume wangu alimpeleka dada yake hospitali akalazwe tayari kwa upasuaji. Hakuniaga. Wifi ndiye aliyenipungia gongo kupitia dirisha la gari.

Saa nne kamili nilikuwa mbele ya Meneja. Aliipokea karatasi kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa na kikombe. Akaisoma. Akakiweka kikombe chini.

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Aliniambia, nikampanga."

Alivuta droo, akatoa karatasi nyingine, akaziweka pamoja mezani zitazamane.

Nilijua mwandiko kabla sijasoma. Herufi ndogo ndogo zimekaribiana kama mshono. *Sikumwambia kocha wala mtu yeyote. Nilificha maumivu kwa hiari yangu.* Saini, na chini ya saini dole gumba la wino, kana kwamba saini haitoshi.

"Dereva wa lori kaniletea jana jioni," alisema Meneja. "Sasa mmoja wenu ananidanganya."

"Ni yeye."

"Mtu adanganye ili akose matibabu?"

"Humjui wifi yangu."

"Namjua sana, na kamati inawajua nyote wawili. Mnaishi nyumba moja, mnakula sufuria moja. Watasema kocha kajitwisha kosa ili ndugu yake abebwe na kiwanda. Watachukua karatasi yake, kwa sababu ndiyo inayomuumiza aliyeiandika. Mtu haandiki uongo wa kujiumiza, ndivyo watakavyosema." Alivua miwani. "Nipe kitu, Mama. Kitu kitakachowafanya waamini kwamba kocha mwenye uzoefu wa misimu kumi na moja aliambiwa goti linauma akampanga mtu vile vile."

Nilikuwa na kitu. Kilikuwa kimoja tu.

"Meneja, mimi si kocha."

"Usijishushe. Mechi tano..."

"Sina cheti. Sijawahi kufundisha hata watoto wa chekechea kupiga danadana."

"Na ile misimu kumi na moja?"

"Sebuleni."

"Sebuleni wapi?"

"Kwangu. Kwenye mashine ya gemu ya mwanangu. Nilikuwa nacheza peke yangu."

Alisubiri nicheke. Nilipokawia kucheka, uso wake ulibadilika mara mbili, kwanza ukawa mwekundu, halafu ukawa na kitu nisichokitegemea.

"Ulianza daraja la ngapi?" aliuliza.

"La nne."

"Na hukupunguza ugumu?"

"Sikupunguza."

"La nne mpaka ubingwa..." Alijizuia, akainyoosha tai. Lakini nilikuwa nimeshamwona.

"Meneja, wachezaji wakija kulalamika, yale majibu matatu unayajua?"

Aliutazama mlango kama umefungwa.

"Nayajua."

"Huwa unabonyeza lipi?"

"La kwanza," alisema, polepole. "Sisomi hata."

"Ndivyo nilivyomjibu wifi yangu. Neno kwa neno."

Nje mashine za kukata sponji zilikuwa zinaimba kama kawaida. Meneja alizitazama zile karatasi mbili, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba ameniamini.

"Mimi nimekuamini," alisema. "Lakini ona ulichofanya. Umeniambia wewe ni mwongo, halafu unataka niende kwa watu watano wa kamati nikawaombe wakuamini. Watanicheka, watakufukuza wewe, na yeye hawatambeba. Nyote mtapotea kwa mkupuo."

"Basi nifanye nini?"

"Wewe, hakuna tena. Aliyebaki ni yeye. Akiifuta karatasi yake mwenyewe, na kusema kwa mdomo wake kwamba alikwambia, hapo kamati haina pa kutokea. Asipoifuta..." Alitazama saa ya ukutani. "Wanakaa saa nane mchana."

Aliinua simu ya mezani, akabonyeza namba, akaifungulia sauti. Kisha akaninyooshea kidole.

"Ukitia neno moja watasema umemfundisha la kujibu. Hata kukohoa, usikohoe."

Simu iliita mara tano. Ya sita ikapokelewa. Nyuma ya sauti yake nilisikia toroli la hospitali likilia magurudumu.

"Haloo?"

"Hapa ni Meneja wa Utumishi. Nina karatasi yako mkononi, na nina swali moja. Sitaki hadithi, nataka ndiyo au hapana, na nitaandika utakachosema. Je, ulimwambia kocha wako kwamba goti linakuuma?"

Toroli lilipita, likaishia mbali.

"Meneja," alisema wifi, "kwanza niambie wewe. Wifi kaweka alama wapi?"

Meneja alinitazama. Nilikuwa nimeuziba mdomo wangu kwa viganja vyote viwili.

"Siruhusiwi kukuambia."

"Aa," alisema wifi. Nikamsikia akivuta pumzi, ile ile aliyokuwa akiivuta kabla ya kila hatua. "Basi nimeshajua, angeweka Hapana usingenipigia. Andika Ndiyo."

Meneja akafungua kalamu.